Mama Alipobisha Hodi kwenye Nyumba ya Manjano

Mwezi uliopita wenzangu wa kazini walinipeleka visiwani bila kujua kwamba wananirudisha. Kila kiangazi ofisi yetu hutoka siku moja. Tunapanda meli, tunakula samaki waliokaushwa kwa moshi, tunajifanya marafiki mpaka jioni, na kesho yake tunarudi kutikisiana vichwa tu tukipishana koridoni. Mwaka huu aliyepanga safari alichagua kile kijiji chenye nyumba za rangi rangi, ambacho zamani wachoraji walikitazama walipokuwa wakitengeneza filamu ya katuni ya mtoto wa sili, yule mnyama wa bahari za baridi. Gatini siku hizi pana kibao kinachoeleza habari hiyo, na mbele ya nyumba ya manjano watu hupanga foleni kupiga picha. Wenzangu walipopanga foleni nilisema kichwa kinaniuma, nikaenda kukaa juu ya mwamba. Kichwa hakikuwa kikiniuma. Nilikuwa nazitazama ngazi tatu za mawe za nyumba ile, kama nilivyozitazama nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja.

Niliporudi nyumbani sikuwa na wa kumsimulia, maana nakaa peke yangu. Basi keti, rafiki yangu, nikusimulie wewe.

Tulikuwa tukikaa Jakobsberg, ghorofa ya tatu, upande ambao treni ikipita vijiko hulia kabatini. Tulikuwa watatu: mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume aliyenifuata kwa miaka minne. Baba alifariki Uvira kabla mdogo wangu hajajua kutembea, na sisi tukaja Uswidi kupitia kambini, kama wengi waliotoka kwetu mashariki ya Kongo. Kitu ninachokikumbuka zaidi cha miaka ile ni mwezi wa Julai. Waswidi wakipata likizo hutoweka. Watoto wa darasa langu walikwenda kwenye nyumba zao za kiangazi, maduka yakaweka vikaratasi mlangoni, na uwanja wa chini ukabaki na bembea iliyolia kwa upepo bila mtu. Mimi nilikuwa nikiisikiliza dirishani tangu asubuhi. Mtu akisema nchi hii ni baridi hudhani anasema habari za theluji, lakini mimi baridi yake niliijulia Julai.

Mama alikuwa akifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Aliwaogesha, akawavika soksi zile ngumu za miguu, akawapikia uji, akawapa vidonge. Alirudi akinuka sabuni ya watu wengine na kahawa ya watu wengine. Aliweka miguu yake kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, akatuita tuje tutazame naye kaseti. Kaseti yetu ya video ilikuwa moja tu, tuliyoiokota mezani pa vitu vya bure kanisani, nayo ndiyo ile filamu. Mtoto wa sili anapotea na mama yake katika dhoruba, anatupwa kwenye kijiji cha nyumba za rangi, anaburuta tumbo lake mlango hadi mlango. Nyumba nyekundu inampa samaki, ya kijani inampa blanketi, na ya manjano, anakokaa bibi mmoja mwenye miwani, inamwambia ingia.

Sisi watoto tuliitazama kwa ajili ya sili. Mama aliitazama kwa ajili ya milango. Mlango wa manjano ulipofunguka alikuwa akipiga goti lake kofi moja, kila mara, kana kwamba safari hii bibi angeweza kukataa.

"Munaona?" alisema. "Watu wa bijiji bangali na roho. Si kama hawa ba mu maghorofa."

Mama alikuwa na hamu moja tu, na hakumficha mtu. Tangu tufike aliingia katika nyumba za Waswidi kila siku ya Mungu, lakini ni kwa kazi. Alitaka aingie nyumba moja kama mgeni. Abishe, akaribishwe, aketi, amiminiwe kahawa na mwenye nyumba. "Siku nitakunywa kahawa ku meza yao, siyo miye nimeipika, njo nitajua nimefika mu hii inchi," alisema, na njo yetu ndiyo ndipo yenu. Kwetu Uvira, alituambia, mtu hapiti kwenye mji wa watu kama mbwa. Unabisha, unasalimia, unapewa maji, na mpaka umalize kunywa hakuna wa kukuuliza umefuata nini. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Miaka sita ilikuwa imepita na hakuna mwenyeji aliyetaka kupona.

Basi mwisho wa muhula mwalimu wangu aliniona na kifuniko cha kaseti ile, akaniambia kwamba vijiji vile vipo kweli, visiwani, saa chache tu kwa meli. Hata nyumba ya manjano ipo. Mimi nilifurahi kwa sababu zangu. Agosti shule ikifunguliwa kila mtoto husimama aeleze alikokwenda likizo, na miaka miwili mfululizo nilikuwa nimesimama nikasema nilikwenda maktaba. Nilimpelekea mama habari hiyo mbio mbio. Mama alizima jiko kabisa, akaketi, akaniambia nirudie tena polepole.

Jirani yetu, mwanamke wa Kenya aliyekaa mlango wa pili, alijaribu kutuokoa. Mama alimweleza mpango wake kwenye chumba cha kufulia, wakikunja mashuka, mmoja huku mwingine kule.

"Wacha nikwambie, dada," jirani alisema. "Hawa watu huwezi tu kuwaendea hivyo. Lazima upige simu kwanza. Hata mtu na dadake wanapigiana simu, na wanapeana tarehe."

"Lakini ule si muji, ni kijiji," mama alijibu. "Na mukono mutupu haulambwi. Nitabeba kitu."

"Haya. Beba kitu. Lakini mimi nimesema."

Siku ya safari mama aliamka alfajiri kukaanga mandazi ya iliki. Harufu ilishuka ngazi zote mpaka kwenye masanduku ya barua. Aliyapanga katika boksi kubwa la aiskrimu, akalifunga kwa kitambaa cheupe kama anayekwenda kuposa. Alivaa kitenge cha Pasaka, buluu na majani ya dhahabu, na kilemba chake. Mdogo wangu alivishwa tai ya kanisani. Mimi nilivishwa gauni jeupe la lesi lililonibana kwapani na soksi nyeupe zilizokuja mpaka gotini. Nilimwambia kwa Kiswidi kwamba hakuna anayevaa hivi kwenda visiwani. Alinijibu kwa Kiswahili kwamba hatuendi visiwani, tunakwenda kwa watu.

Ukitaka kujua upweke ni nini, panda meli ya visiwani siku ya jua ukiwa umevaa gauni la lesi. Watu wote walikuwa na kaptura na mabegi ya mgongoni, na mbwa wao walikuwa wametulia kuliko mdogo wangu. Hakuna aliyetusema vibaya. Walitutazama, tukiwatazama wakatazama maji. Mama hakuona, au nilidhani hakuona. Alikuwa amesimama kwenye reli ya mbele, anavuta harufu ya maji na kusema hii ni ziwa letu kabisa, kasoro ndagala tu. Sisi ndagala ndiyo tunawaita wale dagaa wa Tanganyika. Kila kijiji kilipotokea, nyumba nyekundu zenye kona nyeupe, bendera, maua ya zambarau kwenye ua, alikisalimia kwa mkono kutoka mbali.

Tulishuka kijiji cha kwanza kwa sababu mdogo wangu aliamini ndicho cha sili. Kumbe sicho. Tulitembea njia nzima ya kokoto na mama akimpa mkono kila tuliyekutana naye. Mzee mmoja aliyekuwa akipaka mashua rangi aliweka brashi chini, akafuta kidole, akampa mkono, kisha akabaki anautazama mkono wake. Wengine walisema hej, salamu yao ya njiani, na kupisha njia. Mama alihesabu kwamba wamejibu. "Banajibu vizuri," alisema. Mimi nilikuwa nimerudi nyuma hatua ishirini hivi, najifanya nasoma majina kwenye masanduku ya barua. Meli ya saa nane ilipokuja nilikuwa wa kwanza kupanda.

Hapa lazima nikueleze jambo moja ili usinihukumu mapema, ingawa mwisho utanihukumu tu. Mimi nilikuwa mdomo wa mama. Kiswidi chake kilitosha kazini, kwa maneno ya mwili na ya chakula, lakini jambo likizidi hapo aliniita mimi. Nilikwenda naye hospitali nikamwambia daktari habari za tumbo lake la uzazi, nikiwa na miaka tisa. Nilikwenda naye ofisini kwa watu wa nyumba. Mkutano wa wazazi shuleni, mwalimu akisema habari zangu mimi, mfasiri nilikuwa mimi. Na mama hakusema kwa kifupi. Alianza na salamu, akaja kwenye baraka, akapitia Uvira, halafu ndiyo akafika. Mimi nikiyabeba yote kwa Kiswidi, na watu wakinitazama usoni kana kwamba maneno ni yangu. Nilikuwa nimechoka. Sikujua kwamba ni uchovu, nilidhani ni chuki.

Kijiji cha pili kilikuwa chenyewe. Mdogo wangu alipiga yowe. Nyumba nyekundu, nyumba ya kijani, gati lililopinda, na juu ya mwamba nyumba ya manjano yenye madirisha meupe na vyungu vya maua mekundu dirishani, kama ilivyo kwenye kaseti, ila ndogo zaidi. Kwenye ngazi za mawe alikuwa amekaa msichana wa rika langu, miguu mitupu, nywele zimekauka na chumvi, anakula aiskrimu. Alitutazama kuanzia kilemba cha mama mpaka soksi zangu, kisha akaingia ndani bila haraka.

Mama alilaza kitenge kwa viganja, akafuta tai ya mdogo wangu kwa mate, akapanda ngazi. Mlango ulikuwa wazi nusu. Hakubonyeza kengele. Alisimama pale akasema kwa sauti yake ya kwetu, "Hodi." Akasubiri. "Hodi humu ndani."

Akatoka bibi wa Kiswidi, mrefu, na miwani yake kweli alikuwa nayo, imening'inia kifuani kwa kamba. Mdogo wangu alinifinya. Mama alimpa boksi kwa mikono miwili, akainama kidogo, na bibi akalipokea kwa sababu angefanya nini. Halafu mama akaanza. "Umuambie hivi," aliniambia bila kunigeukia, macho yake kwa bibi. "Tumetoka mbali, tunakuya kumusalimia. Sisi ni bageni yake. Umuambie watoto wangu banapenda nyumba yake tangu zamani, na miye niko mujane, na nashukuru Mungu kwa kunifikisha mu mulango wake."

Bibi alinigeukia, anangoja. Nyuma yake, kwenye kivuli cha ukumbi, yule msichana alikuwa amesimama akilamba kijiti cha aiskrimu, naye anangoja.

Nilisema, kwa Kiswidi kizuri kabisa, kwamba mama anauliza kama tunaweza kutumia choo.

Uso wa bibi ulifunguka. Alikuwa amepata jambo analolielewa. Alisema bila shaka, watoto, ingieni, ni mlango wa kushoto. Mdogo wangu aliingia mbio, maana yeye haja alikuwa nayo kweli tangu melini. Mimi nikaingia nikasimama ukumbini. Palinuka mbao zilizopigwa jua na mdalasini. Jikoni niliona meza ya kitambaa cha mistari, sahani ya mikate ya mdalasini, birika la kahawa linatoa mvuke. Vikombe vilikuwa vimeshapangwa, na vilikuwa zaidi ya viwili. Bibi aliweka boksi letu mezani, akanusa, akatabasamu. Kisha akaniuliza, na hili nalikumbuka neno kwa neno, kama mama yangu naye hataki kuingia, kahawa iko tayari.

Akilini nilimwona mama mezani pale. Nilimwona akifumba macho kuombea kahawa, dua ndefu, na mimi nikiifasiri mstari kwa mstari, na msichana wa aiskrimu akisikiliza.

Nikasema hapana, asante, mama anapenda kukaa nje.

Bibi alisema, vizuri, kweli leo kuna jua. Akaenda kumwaga mandazi kwenye bakuli lake, akaliosha boksi, akalifuta, akanirudishia. Mdogo wangu alimaliza, akakataa kuondoka mpaka aonyeshwe sili, akaambiwa sili hayupo. Tulipotoka mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini, mgongo umenyooka, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa jina. Nilimpa boksi. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, hata kama ni ndizi moja utatia. Mama alifunua kifuniko, akatazama ndani, akafunika.

"Anasemaje?" aliniuliza.

"Anasema asante. Ana kazi nyingi leo."

"Sawa," mama alisema. Aliinuka akajipangusa nyuma. Bibi alitupungia kutoka dirishani, na mama akapunga pia.

Njia yote ya kurudi mama alivipa vijiji mgongo. Alimshika mdogo wangu aliyelala, na boksi likawa mapajani pangu. Watu wa meli walikuwa wamekaa wekundu kwa jua, wanaimbiana. Nilijiambia kwamba nimeokoa siku. Nilijiambia hivyo mpaka Jakobsberg, na niliposhuka treni nilikuwa nataka kulia bila kujua nimlilie nani, maana aliyekuwa akinibembeleza ni mama mwenyewe.

Agosti nilisimama darasani. Nilieleza meli, nyumba za rangi, mzee wa mashua. Nikaeleza kwamba bibi wa nyumba ya manjano alitukaribisha ndani, kwamba mama yangu alikaa mezani akanywa kahawa vikombe viwili, akaomba dua na wote wakasema amina. Nilieleza vizuri mno. Mwalimu alisema hiyo ndiyo likizo bora aliyoisikia mwaka huo, na watoto wakapiga makofi kidogo.

Nyumbani mambo yalibadilika, lakini taratibu, kama maji yanavyopoa. Kaseti ilihamia kwa watoto wa jirani wa Kenya. Jirani, Mungu amjalie, hakusema hata siku moja kwamba alituonya. Mama alijiandikisha masomo ya Kiswidi ya jioni, akawa anaondoka na daftari mara tu akituwekea chakula. Hospitali alianza kuomba mkalimani wa simu. Mkutano wa wazazi alikwenda peke yake, akakaa na kamusi. Hakuniita tena. Mwanzoni nilifurahi kama mtu aliyetua mzigo. Baadaye nilitambua kwamba mzigo ule ndio uliokuwa ukituweka chumba kimoja. Sikuwa na sababu tena ya kujua tumbo lake linamuuma wapi. Tulikula pamoja, yeye akiniuliza kwa Kiswahili, mimi nikimjibu kwa Kiswidi, na katikati yetu sufuria ya sombe, yaani kisamvu. Hamu yake ya kahawa hakuitaja tena. Alipita mbele ya milango ya watu akitazama mbele.

Nilikaa na siri ile miaka tisa. Nilimwambia Jumapili moja baada ya ibada, nikiwa na miaka ishirini, nikiwa karibu kuhamia chumba changu mwenyewe. Alikuwa jikoni anakata vichwa vya ndagala kwenye sinia, na paka wa jirani analia baraza ya pili kwa harufu. Nilianza kwa Kiswidi, nikaona kinanitelezea mno, nikageuza.

"Mama, siku ile kisiwani, yule bibi sikumwambia maneno yako."

"Najua," alisema, na kisu hakikusimama.

"Unajua nini?"

"Neno la choo nalisemaka kazini mara makumi mbili kwa siku. Ulifikiri litanipita?"

Nilishika kiti. "Na lile la kahawa?"

"Lile pia. Mulango ulikuwa wazi, na bibi alisema polepole." Alichukua ndagala mwingine. "Kahawa ni neno gumu?"

Nilimwuliza kwa nini basi hakuingia. Alikuwa hatua tatu tu kutoka kwenye ile meza. Hapo ndipo aliweka kisu chini.

"Ningeingia namna gani? Mutoto wangu amesema mama yake hapendi. Ningeingia, ungekuwa muongo mbele ya watu, mu nyumba yao, na ule mutoto wao anakutazama. Niliona ile haya yako, mama. Nikasema, acha kahawa ipite." Alivuta sinia karibu. "Kisha nikaona nimekutumikisha sana. Njo nikaenda masomo."

Nililia, na yeye hakuja kunishika kwa kuwa mikono yake ilikuwa ya samaki. Alinisogezea tu kiti kwa mguu. Fikiria, rafiki yangu. Siri moja, watu wawili, meza moja kila jioni, na kila mtu anaificha kwa ajili ya mwenzake. Nilimwambia kiangazi kikija tutarudi, tutabisha tena, nitasema kila neno. Alicheka bila ubaya. "Yule bibi alisha kuzeeka. Na miye ile nguvu ya kubisha sina tena."

Hatukurudi. Nyumba ya manjano sasa, kama nilivyojionea, haina mwenyewe. Inapangishwa kwa wiki, vyungu vya maua ni vya plastiki, na wanaopiga picha mlangoni hawajui nani alikuwa akikaa ndani. Mdogo wangu anaishi kaskazini, anasema kisiwa hakikumbuki ila choo. Mwanamke wa Kenya alirudi kwao. Uwanja wa Jakobsberg umewekewa bembea mpya zisizolia.

Mama alifariki baridi ya mwaka juzi. Kanisa lilijaa watu wetu, Wakongo, Warundi, Watanzania, kila mtu na sufuria yake. Walikuja pia Waswidi watatu wa makamo, watoto wa wazee aliowahudumia. Walinishika mkono, na mmoja wao, macho mekundu, akaniambia kwamba mama alikuwa kama mtu wa nyumbani kwao kabisa. Nilimshukuru, na alisema kweli. Nyumba zao mama aliziingia miaka kumi na minane, kwa funguo alizokabidhiwa ofisini asubuhi na kuzirudisha jioni. Katika nchi hii yote ni mlango mmoja tu uliofunguliwa na mwenyewe kwa ajili yake, na kahawa iko mezani, na aliyeufunga ni mimi.